Tumepewa ekari 3 bure mbugani: tujenge zahanati hapo au twende mwinukoni?

Mjumbe_Kamati aliuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi ya kijiji kimoja mkoani Simiyu, na naomba ushauri wenu kabla hatujachimba msingi, kwa sababu jengo likishasimama mahali pasipofaa hakuna wa kulihamisha. Wananchi wamekwisha kusomba mawe na mchanga, matofali yamefyatuliwa na kuchomwa, na michango ya kaya imefikia kiasi cha kuinua boma. Baada ya hapo tunategemea halmashauri ya wilaya itusaidie kuezeka na kumalizia, kama inavyofanyika katika vijiji vingi. Kilichobaki ni mahali pa kujenga, na hapo ndipo tulipogawanyika.

Eneo la kwanza ni ekari 3 tulizopewa bure na mzee mmoja anayeheshimika sana kijijini. Liko kando ya barabara iendayo mnadani, ni tambarare kabisa, halina miti ya kung'oa isipokuwa migunga mifupi, na kila apitaye na pikipiki ataliona jengo. Udongo wake ni ule mweusi wa mbuga, na korongo liko kiasi cha mita 400 upande wa magharibi. Eneo la pili liko mwinukoni, jirani na shule ya msingi, na udongo wake ni mwekundu wenye kokoto, lakini liko karibu kilomita 2 kutoka barabarani, tena ni mashamba ya familia 3 ambazo hazitaki kuondoka bila fidia, na kwa hilo ninaona zina haki. Kijiji kina vitongoji 5, na viwili kati ya hivyo viko ng'ambo ya korongo.

Nilipouliza kikaoni kama mbuga inafaa kujengwa, niliambiwa kwamba kulichunguza shamba lililotolewa bure ni kumkosea adabu aliyelitoa. Sikuridhika. Je, msingi imara unatosha kuokoa jengo kwenye udongo wa namna hiyo? Mbali na udongo, tuangalie nini? Na tukiona halifai, tumwendee vipi mzee wetu bila kumvunjia heshima?

Fundi_Mkongwe alijibu:

Ndugu Mjumbe, usione haya kuuliza. Nimejenga Kanda ya Ziwa kwa zaidi ya miaka 30, na majengo yaliyonisumbua kuliko yote ni yale niliyoitwa kuyakarabati yakiwa bado mapya, na karibu yote yalikuwa yamesimama juu ya mbuga.

Udongo ule mweusi ni mfinyanzi unaokunywa maji ukavimba wakati wa mvua, kisha ukasinyaa na kupasuka wakati wa kiangazi. Nenda pale mwezi wa Septemba, tafuta ufa mpana, tumbukiza ufito halafu uuvute na kuupima: mara nyingi utakuta umezama urefu wa mkono mzima. Hata hiyo migunga mifupi uliyoitaja ni dalili, kwa kuwa mgunga wa mbugani hupenda udongo huo ambao miti mingine huukimbia. Sasa fikiria nyumba iliyokaa juu yake. Ardhi iliyo chini ya katikati ya sakafu imefunikwa, kwa hiyo haipati mvua wala jua moja kwa moja. Ile iliyo chini ya kuta za nje inalowa na kukauka kila mwaka. Pembe za nyumba zinainuliwa, zinashushwa, zinainuliwa tena, wakati katikati pametulia. Ndiyo maana nyufa huanzia kwenye pembe za madirisha na kupanda kwa mshazari hadi kwenye lenta. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya mtumishi ambayo mlango wake wa mbele ulikuwa haufungi kuanzia Januari hadi Mei, na ifikapo Agosti unafunga vizuri kabisa. Waliokuwa na nyumba walikwisha kuuranda mlango ule mara 3 wakidhani kosa ni la seremala. Niliweka kiganja changu kwenye ufa wa ukuta wa chumbani, nikaona mwanga wa upande wa pili.

Umeuliza kama msingi imara unatosha. Inawezekana kujenga kwenye mbuga, wala sitaki kukutisha bure. Udongo mweusi unachimbwa na kuondolewa hadi kufikia udongo mgumu, pengo linajazwa moramu, yaani udongo mgumu wenye kokoto, na kushindiliwa kwa tabaka, msingi unafungwa kwa zege lenye nondo chini na juu, na kuzunguka jengo lote inamwagwa njia pana ya zege ili maji ya mvua yasiufikie udongo wa ukingoni. Lakini hesabu gharama: nondo, saruji, moramu ya kusombwa kwa lori, na mhandisi wa kusimamia. Nguvu za wananchi za mawe na matofali ya kuchoma haziwezi kubeba kazi hiyo. Fedha mtakazozika ardhini kwa ajili ya shamba la bure zaweza kuzilipa fidia familia zile 3 na chenji ikabaki.

Kabla ya kubishana zaidi, chimbeni mashimo 3 katika kila eneo, yenye kina cha mita 2 kila moja, na mjumbe mmoja aandike udongo unabadilika wapi. Chukueni udongo wa chini, ulowesheni kidogo, uviringisheni kama kamba nyembamba ya unene wa penseli, kisha ukunjeni uwe pete. Ukikubali kukunjwa bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi. Vilevile jazeni udongo theluthi moja ya chupa, ongezeni maji na chumvi kidogo, mtikise, muiache hadi kesho yake: mchanga utatua chini mara moja, na mfinyanzi utakaa juu kabisa kama uji mwembamba. Vipimo hivi havichukui nafasi ya maabara ya udongo, ila vitawaonyesha kama kuna haja ya kumwita mhandisi wa halmashauri kwa haraka.

Jambo la pili ni maji. Maji hufuata mkondo, na mkondo wa zamani haufutwi na kiangazi cha miaka 10. Mita 400 kutoka korongoni kwenye tambarare si umbali mkubwa. Waulizeni wazee maji yalifika wapi katika mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, na msiridhike na neno la mdomo: mwombeni kila mmoja asimame pale anapokumbuka maji yalikomea, peke yake, bila wenzake kumwona, kisha mwekeeni kigingi. Jijini Dar es Salaam karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa pale Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi, bonde lile lile ambalo mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu wakahamishiwa Mabwepande. Huduma ya mabasi ilianza mwaka 2016, na tangu hapo karakana hiyo imeingiliwa na maji mara kadhaa na mabasi kuharibika. Waliojenga pale walikuwa na wahandisi na fedha ambazo kijiji chenu hakitakuwa nazo.

Hata mwinuko usiaminiwe kwa macho tu. Desemba 2023 tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang liliufikia mji wa Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Kwa hiyo pandeni juu ya eneo lenu la pili, mtazame kama kuna mifereji iliyochongwa na mvua inayoelekea chini, au mawe makubwa yaliyojitenga na mwamba.

Jirani_Kitengela alijibu:

Naunga mkono aliyosema Mzee Fundi. Huku kwetu Kenya, Kitengela, Athi River na sehemu za Embakasi zimekaa juu ya udongo mweusi wa aina hiyo hiyo, na desturi ya mafundi wetu ni kuuchimba wote mpaka wafikie mwamba au moramu kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Mwenye kiwanja asiyejua jambo hilo hushangaa kuona pesa nyingi zimeishia chini ya sakafu. Ningeongeza moja tu: njia ya maji inaweza kuzibwa na binadamu mahali ambapo nyinyi hamuoni. Maafa ya Mai Mahiu ya Aprili 2024 yalitokea baada ya maji kujikusanya nyuma ya tuta la reli na kisha kupasua. Kwa hiyo tazameni kama barabara yenu ya mnadani imeinuliwa, na kama ina kalavati za kutosha, kwa sababu tuta la barabara linaweza kugeuza shamba lililo upande wa juu kuwa bwawa.

Muuguzi_Kijijini alijibu:

Shikamooni wazee wangu. Nimesoma majibu yenu kwa makini na nakubaliana na habari ya udongo, lakini naomba zahanati isizungumzwe kama jengo tupu. Nimefanya kazi katika zahanati 3 za vijijini, na mojawapo ilikuwa na kuta zisizo na ufa hata mmoja, mahali pakavu penye hewa safi, huku nusu ya watu waliojengewa hawaitumii wakati wa masika kwa sababu korongo liko kati yao na sisi.

Siku moja usiku nilisikia kelele kutoka ng'ambo. Vijana wa sungusungu walikuwa wamembeba mama mjamzito juu ya kitanda cha kamba, maji yamejaa, wanatumulika kwa tochi na sisi tunawamulika. Tulikuwa tunaonana. Walisubiri hadi karibu na alfajiri maji yalipopungua, na mama alijifungulia pale pale ukingoni, juu ya khanga zilizotandikwa na wanawake waliomsindikiza. Namshukuru Mungu kwamba yeye na mtoto walipona. Tangu siku ile, nikiulizwa zahanati ijengwe wapi, swali langu la kwanza ni korongo liko wapi na nani anabaki upande wa pili.

Kwa hiyo, Ndugu Mjumbe, ramani yenu ianze na vitongoji. Kiongozi mmoja wa kila kitongoji aondoke nyumba ya mbali kabisa ya kwake na kutembea hadi kila eneo, akiongozana na mama mwenye mtoto mgongoni, na waandike dakika, siyo kilomita. Kisha waulizwe: njia hii mwezi wa Aprili inapitika? Vile vile wahesabiwe watu, maana kitongoji cha mbali chenye kaya 20 na kile chenye kaya 150 haviwezi kuwa na uzito mmoja. Angalieni pia zahanati za vijiji jirani ziko wapi. Huenda watu wa ng'ambo wana zahanati ya karibu zaidi upande wao, na hapo mzigo unapungua. Kama hawana, basi ombi la kivuko cha miguu liandikwe pamoja na ombi la kuezeka boma, lisisubiri miaka ijayo.

Kuhusu kilomita 2 kutoka barabarani, hilo linanitia wasiwasi kuliko mnavyolichukulia. Rufaa ikitokea, gari la wagonjwa lazima lifike mlangoni. Chanjo huletwa zikiwa katika ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi, na gari linalokwama njiani ni dozi zinazoharibika. Mwinuko ukichaguliwa, barabara yake ya kuingilia ihesabiwe kuwa sehemu ya ujenzi. Sikushauri pia mwende kubanana na barabara ya mnada: siku ya mnada vumbi la ng'ombe na kelele huingia hadi chumba cha kujifungulia.

Tena kuna mambo ambayo kamati nyingi huyakumbuka jengo likiwa tayari. Zahanati huzalisha taka: sindano, pamba zenye damu, kondo la nyuma. Panahitajika shimo la kondo, kichomea taka na choo, vyote vikiwa mbali na kisima. Sisi tulielekezwa umbali usiopungua mita 30, na upande wa chini wa mteremko. Mbuga haifyonzi maji, hivyo choo cha shimo hujaa mvua zikinyesha na uchafu huibuka juu. Kwa upande wa mwinukoni, shule iko jirani, na watoto hucheza popote. Ulizeni upepo huvuma kutoka wapi miezi mingi ya mwaka, ili moshi wa kichomea usielekee madarasani, na uzio uwekwe kabla mgonjwa wa kwanza hajapokelewa. Maji nayo yapimwe mapema: wodi ya wazazi isiyo na maji humlazimu ndugu wa mzazi kubeba ndoo usiku.

Afisa_Ardhi_Mstaafu alijibu:

Nitajibu lile swali la mzee, kwa sababu ndilo linalovuruga vikao vingi kuliko udongo.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi, lakini haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Maana yake ni kwamba kamati ya ujenzi haina mamlaka ya kupokea wala kukataa zawadi ile. Kazi yenu ni kuchunguza na kupeleka taarifa. Liseme hilo mbele ya mzee kwa uwazi, kwamba maeneo yote yanachunguzwa kwa utaratibu mmoja, likiwemo la kwake, na kwamba majibu yatasomwa mkutanoni. Msimpelekee kijana mwenye daftari. Waende wazee wawili wa rika lake, wakae naye, wamshukuru, na wamwombe awe miongoni mwa wale watakaosimama kuonyesha maji ya El Nino yalifika wapi. Mtu aliyekulia pale anaijua mbuga yake kuliko kamati nzima.

Hata kama shamba lake lingefaa, zawadi ya maneno ni hatari. Katika utumishi wangu nilikutana na zahanati iliyozuiwa kuongezewa jengo kwa sababu aliyetoa ardhi alifariki, na watoto wake wakasema hawakushirikishwa. Hati ya kutoa ardhi iandikwe, mke au wake na watoto wazima watie saini, mipaka ipimwe na kuwekewa alama, majirani wa pande zote washuhudie, na muhtasari wa mkutano mkuu uhifadhiwe.

Kwa familia 3 za mwinukoni, sheria zetu za ardhi zinadai fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kijiji kisicho na fedha kinaweza kuzungumza nao juu ya eneo mbadala lenye rutuba inayolingana, mradi wakubali kwa hiari. Angalieni pia ukubwa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na zahanati iliyoko mahali pazuri huweza kupandishwa hadhi siku moja. Ikiwa imebanwa na mashamba pande zote, nafasi hiyo itakwenda kijiji kingine. Tengeni mahali pa nyumba za watumishi sasa hivi, kwa kuwa muuguzi anayeishi mbali hapatikani usiku.

Mwisho, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Korongo lenu lina maji ya msimu, lakini nashauri mliheshimu kama mto.

Mjumbe_Kamati alijibu:

Nawashukuru sana, wazee wangu na dada yangu Muuguzi. Niliyachapa majibu yenu nikayasoma mbele ya kamati, na wiki mbili zilizofuata tulifanya kazi hii.

Mzee alikubali kwa moyo mweupe kushiriki. Kigingi chake cha maji ya El Nino alikipiga mwenyewe ndani ya shamba alilotupatia, kama hatua 50 kutoka barabarani, akasema alipolitoa hakufikiria habari ya jengo bali alifikiria barabara. Mashimo tuliyochimba mbugani yalifika mita 2 yakiwa bado meusi, na pete ya udongo haikukatika hata tulipoibana kwa vidole viwili. Mwinukoni tulikutana na kokoto ngumu kwenye kina kisichozidi mita 1, na sururu ikawa inatoa cheche.

Matembezi ya akina mama ndiyo yaliyobadili mjadala. Kutoka kitongoji cha mbali ng'ambo ya korongo hadi mbugani walitumia dakika 50. Hadi shuleni walitumia dakika 85. Watu wa kule walisema wazi kwamba zahanati ikienda shuleni wao wataendelea kwenda kijiji jirani. Ndipo mmoja wa akina mama alipotuonyesha miguuni mwa mwinuko, mahali wanapopumzika chini ya mkwaju wanapotoka kisimani. Pale udongo mweusi unakoma na mwekundu unaanza, ni nusu kilomita tu kutoka barabarani, ng'ambo wanafika kwa dakika 60, na sehemu kubwa ni malisho ya kijiji. Linaloguswa ni shamba la familia moja tu. Tumechimba shimo moja pale na kukuta kokoto. Mawili yaliyobaki tutachimba Jumamosi, kisha mkutano mkuu utaitishwa. Kivuko cha miguu kimeingizwa katika barua.

Fundi_Mkongwe alijibu:

Hayo mashimo mawili msiyachimbe karibu na la kwanza. Mahali udongo mweusi unapokutana na mwekundu mpaka wake haunyooki, na jengo likikalia aina mbili za udongo, upande mmoja utacheza na mwingine utatulia, hata ufa ukakata jengo katikati. Pigeni kamba kwenye pembe 4 za jengo mnalolitarajia, mchimbe chini ya kila pembe. Ikiwa pembe moja itatoa udongo mweusi, sogezeni ramani yote juu kuelekea mkwajuni hatua 20, mchimbe tena. Na kuta ndefu za jengo zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi zisizo na madirisha, wagonjwa wasiunguzwe wodini.

Mkikamilisha, niandikie kina mlichokuta katika kila pembe.